Nimejichoma na Sindano ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba wa haraka, na usinitaje, ingawa wenzangu wa mwaka wa tatu wakisoma hapa watanijua tu kwa sababu chuo kizima ni mimi peke yangu ninayekula nikiwa nimevaa glavu.

Mimi nasomea udaktari, na jana saa nne asubuhi nilikuwa wodi ya wanaume natoa damu kwa mgonjwa wa kitanda namba saba, na mgonjwa mwenyewe, mshauri, ni baba wa mchumba wangu, mzee ambaye kwa miaka miwili alikuwa ananiita "yule kijana" lakini tangu alazwe ananiita "daktari wangu" hata mbele ya madaktari wenyewe, basi damu ikatoka vizuri, mshipa wa kwanza tu, nikajiona mtu, nikachomoa sindano, nikabandika pamba, na badala ya kuitupa sindano moja kwa moja kwenye boksi lililokuwa pale pale miguuni nikaanza kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili, na ndipo mzee akaniuliza kwa sauti ya kufika kitanda namba ishirini, "Daktari wangu, wazazi wako wanakuja lini nyumbani?" Nikashtuka, sindano ikapita glavu ikaniingia kidole cha shahada, nikaona damu, nami nikajibu, "Wiki ijayo, baba," nikakunja ngumi nikaitia mfukoni.

Juu ya boksi hilo kuna bango la wino mwekundu: USIRUDISHE KIFUNIKO CHA SINDANO. Bango hilo nililiandika mimi, wiki iliyopita, na nilipigiwa makofi.

Utaratibu naujua, nimeufanyia mtihani na nimepata tisini: unaosha, unaripoti, unapimwa, na mgonjwa anaombwa naye akubali kupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Sasa nitamwambiaje mzee wa watu? "Baba, kabla wazee wangu hawajafika kuposa, naomba tukupime Ukimwi"? Na mama mkwe yuko pale kwenye stuli na chupa yake ya chai, halimpiti neno. Na nikiripoti, lazima nianzie kwa muuguzi mkuu wa wodi, tunamwita Sista Kengele, ambaye akikufokea wagonjwa wa wodi ya pili wanaomba msamaha.

Nikamweleza mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Profesa kwa kuwa amerudia mwaka wa pili mara mbili, akanikamua kidole kama anayekamua shuka, akakitumbukiza kwenye spiriti, halafu kwenye dawa ya kung'arisha nguo, na sasa kidole ni cheupe kuliko koti langu. Nimetenga sahani, kikombe na kijiko. Nimeandika wosia, Profesa nimemwachia mafuvu ya kusomea. Mchumba amepiga simu mara kumi na mbili, ya mwisho nikapokea nikamwambia nina mafua. Nacheka nikiandika haya, mshauri, lakini naogopa kufa na naogopa kumkosa. Ninyamaze mpaka tuoane, au niseme kila kitu kiharibike?

Mimi, Mwenye Glavu.

JIBU (Nimemtumia kwa simu dakika ishirini baada ya barua yake kufika. Gazetini naliweka kwa faida ya wenye glavu wengine.)

Mwenye Glavu, simama. Soma hili ukiwa umevaa viatu.

Pole mwanangu. Kuogopa si dhambi, na kidole kilichochomwa kinauma hata kwa aliyepata tisini. Haya, pole imekwisha.

Mimi si daktari, na kwa niliyoyasoma hapo juu, wewe pia bado. Kwa hiyo nimempigia dada yangu, muuguzi wa miaka ishirini na sita. Nilipomsomea barua yako na kufika kwenye bango, alicheka mpaka akaweka simu mezani. Halafu akauliza, "Imepita saa ngapi?" Nikamwambia ishirini na saba. Akaacha kucheka.

Zile dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na zikipita siku tatu mlango umefungwa. Ukiandikiwa, unazimeza siku ishirini na nane, bila kuruka hata moja. Wewe siku yako ya kwanza umeimaliza kwa kutenga vijiko! Nani amekwambia virusi vya Ukimwi vinapita kwenye kijiko? Rudisha vyombo vya watu kabatini.

Kidole kilitaka sabuni na maji yanayotiririka, basi. Hakikutaka kukamuliwa, wala spiriti, wala kufuliwa. Mwambie Profesa mimi nimeelewa kwa nini anarudia mwaka. Na kadi yako ya chanjo ya homa ya ini iko wapi? Itafute, nenda nayo.

Sista Kengele atafoka. Mwache afoke, kelele haziambukizi. Dada yangu naye alijichoma akiwa mwanafunzi, akaficha siku mbili, na anasema mpaka leo hajasahau zile siku mbili, ila makaripio ameyasahau kabisa. Aliyemshika mkono mpaka kliniki ya wafanyakazi ni muuguzi yule yule aliyemfokea.

Sasa mzee. Nani kakwambia ni wewe wa kumwomba? Wewe ndiye uliyeumia, kaa pembeni. Atakwenda mhudumu mwingine, atamtoa mama mkwe na chupa yake, atamweleza mzee faraghani kwamba mgonjwa yeyote ambaye damu yake imemgusa mhudumu huombwa hivyo hivyo, awe shehe, awe askofu. Hashukiwi mtu. Akikubali, majibu ni siri yake. Akikataa, ni haki yake, na wewe dawa zako hazimsubiri.

Mchumba mwambie leo, tena kabla hajasikia kwa Profesa. Mpaka kliniki ikupime tena na ikuruhusu, mkikutana ni kwa kondomu, na damu usichangie kokote. Mwanamke aliyepiga simu mara kumi na mbili hajaamini mafua. Anadhani una mwingine. Ukimwambia ni sindano atashukuru Mungu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe umeyaficha kwenye mfuko wa koti jeupe. Unasema unaogopa kumkosa binti, lakini unataka kumuoa huku umemfungia siri ya kitu kinachoweza kumfikia yeye. Hilo ndilo lingeharibu kila kitu. Kujichoma kunasameheka.

Kwa hiyo: vua hiyo glavu, osha mkono, nenda kwa Sista sasa hivi, na ukipita kwenye boksi lisome bango, limeandikwa na kijana mwenye akili. Na mzee usimwogope. Mtu aliye tayari kukupa binti yake, atashindwa kukupa matone mawili ya damu?