Vile Viatu Vyeupe

Mama, shikamoo. Unisamehe kukaa kimya. Kila nikishika kalamu nilitaka kukwambia naacha unesi, narudi kulea mwanangu Zuhura.

Juzi Kariakoo, kwenye maduka ya vitenge, mama mmoja kashikwa na uchungu. Muuza chapati akaniona na sare ya chuo. "Pisheni, nesi huyu hapa!"

"Mimi mwanafunzi tu, dada."

"Basi jifunzie hapa hapa."

Kina mama wakavua kanga za kujitanda, wakatuzungushia. Nilidhani nitashindwa, wala. Nimempokea mtoto wa kike, analia vizuri.

Siachi tena, mama. Nibusie Zuhura, na asisuse uji. Nitumie korosho, kanga moja, maana yangu nimemfunikia kichanga, na vile viatu vyeupe vya wodini nilivyoviacha makusudi chini ya kitanda.