Jina la Sita la Kisima Chetu

Makomredi, mliozoea kunisikia nikifoka juu ya meza za bwalo, leo niwieni radhi. Maneno haya nayaelekeza kwa mtu asiyeweza tena kunijibu.

Mpendwa Bibi,

Nakuandikia kutoka Kakamega, ambako mvua hupiga mabati kila alasiri. Mama mwenye nyumba huniuliza, "Wewe wa Mombasa, mbona unakulanga peke yako?" Nimechoka kumweleza kwamba kwetu si Mombasa, ni mji mdogo wa minazi na mashamba ya chumvi, ambao sasa umepandishwa hadhi kuwa manispaa.

Rasimu ya historia yake imetufikia tuitolee maoni. Inadai mji ulianza siku ilipojengwa ofisi ya forodha. Kabla ya hapo, eti, palikuwa kichaka.

Kichaka, Bibi! Na kisima je? Wanawake sita waliotoroka utumwani walikichimba kwa majembe yale yale waliyolimishwa nayo. Kila alfajiri ulimwaga ndoo ya kwanza ardhini ukiwataja: Mwanatumu, Mejumaa, Riziki, Zawadi, Faida... Hapo ndipo sisi wengine tuliporuhusiwa kuteka.

Likizo yangu ya kwanza ya chuo nilirudi na kiburi cha maktaba. Uliponipa ndoo niwataje mimi, nilikataa.

"Bibi, bila nyaraka hiyo si historia."

Ulicheka. "Haya, mume wangu msomi. Ukishikwa na kiu, kunywa karatasi."

Ukamwaga mwenyewe, ukawataja wote sita. Mimi nilikuwa nikichezea simu.

Sasa hupo, na jina la sita silikumbuki. Nimepekua rafu zote za maktaba hii niliyokuringia, halimo. Nimempigia shangazi, amebakiwa na manne. Huamka alfajiri katika chumba hiki cha kupanga, nikayarudia matano kwa sauti, nikisubiri ulimi uteleze wenyewe hadi la sita. Hautelezi. Hakuna wa kumuuliza.

Nisamehe, Bibi. Ile ndoo ningeipokea.

Mjukuu wako,
yule mume wa utani.

Makomredi wa Pwani mlio hapa, pingamizi la rasimu tutalitia saini pamoja. Nitakuja na ndoo ya maji. Nitataja matano, kisha tutanyamaza kwa urefu wa jina moja. Ni Jumamosi, nyuma ya maktaba, saa nne kamili asubuhi.