Mjane wa Mlango wa Buluu

Kilungu,
21 Septemba 1987.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana habari hizi si za kusomwa na mtu aliyesimama na jembe begani. Natumaini kifua kimetulia na ng'ombe wanapata nyasi ijapokuwa jua ni kali. Mimi huku ninakula vizuri na kulala vizuri, ila tangu jana nina aibu ambayo dawa ya duka haiwezi kuitibu.

Barua yako nimeipata. Unauliza ni kina nani hao watu wa kanisa kutoka Kilungu waliofika nyumbani na mbuzi, mabati na blanketi, wakakuimbia mpaka majirani wakajaa, kisha wakauombea mguu wako. Unasema ulitaka kuwafukuza lakini ulishindwa kwa sababu wote walikuwa wamefumba macho. Unauliza kama mimi ninawajua. Ninawajua, mwaitu. Tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho.

Nilipokuandikia kwamba nimepata kazi ya ualimu huku, sikukueleza shule yenyewe ni ya namna gani. Shule ni meza ya kulia chakula nyumbani kwa Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa. Huyu mzee aliwaondoa watoto wake shuleni siku alipowakuta wakifundishwa kutikisa viuno kwa ajili ya mashindano ya muziki. Akaapa watasomea nyumbani. Hesabu anawafundisha mwenyewe, na Biblia pia. Lakini mtihani wa darasa la nane una insha, na insha inataka mtoto atunge hadithi, na kutunga kulimshinda kwa sababu hajawahi kusema uongo hata kwa bei ya ng'ombe. Ndipo akaniajiri mimi.

Kazi haikuwa rahisi. Muthoki, msichana wake wa miaka kumi na minne, aliniandikia insha ya kwanza hivi: jana tulipanda mbaazi, tukamaliza, tukaenda nyumbani. Mdogo wake Muli alikataa kuandika mpaka nimwambie siku ya hukumu atakayeulizwa ni nani, yeye au mimi. Nikamwambia ni mimi. Alichukua kalamu akaandika kurasa nzima za chui anayeendesha trekta, na tangu siku hiyo hajanihurumia hata kidogo.

Muthoki ndiye mwenye kipaji. Nilimfundisha asianze na hapo zamani za kale, aanze na mahali ambapo msomaji angeweza kwenda akabisha hodi. Akaniuliza nyumba ambayo mtu anaweza kubisha hodi ikoje. Kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, nikampa yetu: nyuma ya soko la Matiliku, mlango wa buluu, mpapai ulioinama, na mbwa anayekohoa badala ya kubweka. Yeye akamweka humo mama mjane, paa linavuja, mguu umevimba, na binti yake mwalimu ameenda mbali na harudi, kila mara anaandika kwamba kazi ni nyingi. Niliposoma nililia, nikasema ni moshi wa jikoni.

Sasa hapa kwa Mzee Kilonzo kuna ushirika kila Alhamisi, na kila mtu, hata mtoto, lazima asimame alete neno. Muthoki akaleta hadithi yake. Hakusema ni hadithi. Alisoma tu vile nilivyomfundisha, na kabla hajafika kwenye mguu akina mama walikuwa wanatoa machozi na kufungua mafundo ya leso. Niliinua mkono kueleza. Mzee Kilonzo akaninong'oneza kwamba haja za watu zikiwa mbele ya Bwana, mwalimu huteremsha mkono. Nikauteremsha. Wakapiga magoti wote, na watu wakishamwombea mtu hivyo, ni vigumu sana kuwaambia hayupo.

Mutie, yule mwenye pikapu, alitoa mbuzi. Nilijituliza kwamba watazunguka Matiliku, watachoka, watarudi na mbuzi wao. Sikukumbuka kwamba mpapai bado umeinama. Walipouliza mlango wa buluu, soko lote liliwaelekeza kwako, na wewe ukatoka unachechemea kwa sababu ya viatu vipya. Mutie anasimulia kwamba ulikataa zawadi kwa unyenyekevu mkubwa, huku umeshika panga.

Walirudi wakishangilia kwamba Muthoki ameonyeshwa mjane ambaye hajawahi kumwona. Mchungaji akasema Jumapili asimame mbele ya kanisa, watu wajue kuna mwonaji kati yao. Mtoto akanijia akilia. Akikubali, hataandika hadithi tena maisha yake yote, maana kila atakachotunga kitaombewa na kupelekewa mabati. Akisema kweli, baba yake atavunja masomo na kuchoma madaftari. Nilijitolea kusema mimi. Akakataa, akasema hadithi ni yake.

Jana akasimama. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Akasema, "Baba, mimi sikuonyeshwa kitu. Nilitunga."

Mzee Kilonzo hakupaza sauti. Alimwuliza, "Huyo binti mwalimu aliyemsahau mama yake, naye umemtunga?"

Muthoki akanitazama mimi, kisha akatazama miguu yake. "Huyo sikumtunga."

Mwaitu, sikuwa nimemwambia neno. Ameniona tu likizo baada ya likizo nikibaki hapa kufua nguo safi. Kanisa zima likageuka. Basi nikasimama nikawaambia kwamba mjane huyo ni mama yangu, mguu wake ni mzima kuliko wangu, na kwamba nimekuwa nikimwandikia kazi ni nyingi ilhali wanafunzi ni wawili. Sikurudi kwa sababu ulishatangazia soko lote kwamba mimi ni mwalimu mkuu, na niliona haya kuja kukuharibia. Nilikukosea, na ninakupenda, na nimekukumbuka sana.

Mzee Kilonzo akauliza kama kuna anayetaka kurudishiwa alichotoa. Mutie akasimama. Nilijua ni mbuzi. Akasema mbuzi alimpa mjane, na mjane amepatikana, kwa hivyo hadai chochote, ila angependa kujua kama yule binti alirudi nyumbani. Watu wakaitikia amina, na Mzee Kilonzo naye akaitikia, nadhani kabla hajafikiri.

Masomo yanaendelea. Sharti ni moja, kwamba Muthoki kabla ya kusoma mbele ya watu atangaze kuwa hii ni hadithi. Ushirika unamdai mwisho wa ile ya mjane, naye amekataa kuutunga. Anasema atangoja nirudi nimweleze mlango wa buluu ulifunguliwaje na mama alisema nini. Kwa hivyo Ijumaa ninakuja, kwa pikapu ya Mutie. Mbuzi usimchinje kabla sijafika, na panga liweke mbali.

Nisalimie majirani, hasa waliojaa siku ile, na umpe maji mbwa wetu. Mungu akutunze mpaka Ijumaa, na baada ya hapo nitasaidia mwenyewe.

Ni mimi binti yako, yule wa kwenye hadithi,
Ndinda.