Siku Kaka Yako Aliposimamisha Gari la Mikate

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zivuke milima na maji zikufikie hapo ulipo. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia, au bado baridi ya huko inakutafuta mpaka kwenye mifupa? Na shemeji, mguu umemruhusu kurudi kazini? Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kweli, si wale wanaosema "hatujambo" huku wamejishika kiuno. Pacha wameanza kung'oka meno. Wakicheka pamoja utadhani nyumba mbili zilizoibiwa milango.

Najua umesikia. Mama mkubwa aliniambia alikupigia simu akakwambia kaka yako amewekwa ndani kwa kumgonga mtu, kisha laini ikakatika. Wifi, kumpa Mama mkubwa habari aifikishe ni kuchota maji kwa pakacha. Kinachofika ni unyevu tu. Kwa hiyo nimekaa niandike yote kwa mkono wangu. Kwanza shusha pumzi: kaka yako yuko nyumbani. Amelala hapa kwenye mkeka na anakoroma kama mashine ya kusaga.

Unajua anaendesha gari la mikate la kile kiwanda cha nyuma ya nyumba yetu. Siku hiyo alikuwa kwenye mzunguko wake wa asubuhi. Alipofika njia panda, pale penye duka la fundi vioo, akakuta watu wamejipanga duara, simu juu. Katikati alilala mama mmoja, mguu umepinda mahali pasipo na kiungo, na furushi la mapazia limefunguka kando yake. Gari lililomgonga lilikuwa limeshakimbia. Watu wakawa wanaonyana: "Usimguse! Atakayemgusa ndiye atakayeulizwa."

Sikufichi, wifi, kaka yako alipita. Naye dunia anaijua. Alikwenda mpaka kwenye kona inayofuata, halafu akarudi kinyumenyume, mkono kwenye honi. Akashusha trei za mikate zote kando ya barabara, akatandika mapazia ndani ya gari, akaomba msaada. Mwanamume mmoja alishika miguu, akasaidia kupandisha, kisha akakumbuka ana shughuli. Kaka yako akaondoka na mgonjwa peke yake. Ile mikate usiulize. Wale walioogopa kumgusa mtu hawakuogopa kugusa mkate hata kidogo.

Hospitali walimpokea mgonjwa vizuri, wakasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunasema mengine. Lakini askari wa zamu akamwita kaka yako pembeni. Akalizunguka gari. Damu ndani, na bampa la mbele limebonyea, lile lililogongwa na geti la kiwanda tangu mwaka jana. Kaka yako akaeleza kila kitu. Askari akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza:

"Kama hukumgonga wewe, ulisimama kwa nini?"

Wifi, swali hilo sijalisahau hadi leo. Yaani tumefika mahali ambapo mtu akitenda wema lazima awe na kosa analoficha.

Nilipofika kituoni walikomweka ndani sikuwa na huruma. Niseme kweli, niliwaka. Nikamwambia, "Baba Pacha, wale wote pale njia panda walikuwa vipofu? Ni wewe tu uliyekuwa na macho? Una watoto wawili!"

Akasema, "Wale walikuwa wanamtazama yeye. Yeye alikuwa ananitazama mimi."

Nikabeba bakuli la chakula nililomletea nikaondoka bila kuaga. Dhamana wakatunyima, wakasema hali ya mgonjwa haijulikani.

Basi nikaenda hospitali. Usinipe sifa, sikwenda kwa wema. Nilikwenda nikae kichwani pa yule mama, siku akifungua mdomo aseme kwamba si mume wangu aliyemgonga. Jirani yetu mwenye saluni alinikataza: "Usithubutu. Wakikuona unamhudumia watasema mnajua mlichokifanya." Hata mimi niliona ana akili. Lakini nitafanyaje? Nikaenda.

Nilimkuta wodi ya mwisho, kitanda cha dirishani, kichwa kimefungwa bandeji. Wagonjwa wengine wamezungukwa na dada, mama, wake wenza. Yeye hana mtu. Muuguzi akaniuliza kama mimi ni ndugu, nikasema hapana, nasubiri tu. Nikakaa. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka, nikalowesha pamba nikaipitisha. Kesho yake nikaja na kanga safi, maana ile aliyofunikwa nayo ilinitia aibu kama vile ni yangu. Siku iliyofuata nikamsuka, kwa sababu mtu hawezi kulala na nywele zile. Sijui ni siku gani niliacha kumngojea shahidi nikaanza kumngojea yeye.

Akaamka. Ni mshona mapazia, mjane, amehamia mjini hapa mwaka huu kwa ajili ya kazi. Nikamuuliza taratibu anakumbuka nini. Akasema anakumbuka kuvuka barabara, kishindo, halafu harufu ya mkate. Basi. Gari hakuliona. Nikatoka nje nikalia nyuma ya bomba la maji, kisha nikanawa uso nikarudi kumlisha uji.

Muuza magazeti wa pale njia panda ndiye aliyeninong'oneza kwamba fundi vioo alikuwa mlangoni kwake siku ile. Nikamfuata. Nilimkuta amelaza kioo mezani anakikata. Nikajitambulisha, nikamweleza shida yangu.

"Dada, mimi sikuona kitu," akasema. Mkono wake ukateleza, kioo kikapasuka hovyo. Akakitazama, akaketi. "Mwenye lile gari ndiye anayenipa kazi ya madirisha ya majumba yake yote. Unataka niseme nini? Mimi nina watoto."

Wifi, ningemlaumuje mtu kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nilimtupia mume wangu pale kituoni? Nikamwambia hivyo hivyo: "Hata mimi nilisema kama wewe. Sikulazimishi, kaka. Lakini ukipata nafasi, nenda ukamwone yule mama. Wodi ya mwisho, dirishani. Hujui la kusema? Kamsalimie tu."

Nikadhani ndiyo yamekwisha. Lakini siku mbili tatu baadaye namwosha mgonjwa miguu, nainua macho, namwona fundi vioo amesimama mlangoni, kofia ameikunja mikononi. Akasalimia. Akauliza mguu unauma? Mgonjwa, asiyejua ni nani, akamkaribisha na kumshukuru kwa kuja. Yule bwana hakukaa hata kidogo. Aligeuka akatoka mbio kama aliyeitwa, mimi nikafikiri nimemuudhi. Kumbe aliteremka moja kwa moja hadi kituo cha polisi, akataja gari, akataja rangi, akamtaja na mwenyewe aliyekuwa kwenye usukani.

Jioni hiyo hiyo wakamwachia kaka yako. Alitoka amekonda, ndevu kama za beberu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule mama anaendeleaje?" Nilicheka huku nikimpiga mgongoni. Hujui kama ni hasira au ni furaha, vyote vilitoka pamoja.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Bosi wa kiwanda alishampa mwingine gari, kaka yako sasa anabeba magunia ya unga na kulalamikia kiuno, ingawa wameahidi kumrudishia usukani. Fundi vioo amenyang'anywa kazi ya yale majumba. Nilikwenda kumpa pole, akaniambia, "Kazi imepungua, dada, lakini usingizi umerudi." Na watu wa yule mwenye gari wametutumia maneno ya vitisho mara moja. Tangu hapo kaka yako na fundi vioo wakienda mahakamani kwenye kesi ya huyo mwenye gari wanaongozana, kama watoto wanaoogopa mbwa wa jirani.

Jambo jingine, na hili usichukie. Mgonjwa aliporuhusiwa hakuwa na wa kumpikia wala wa kumshika mkono aende msalani. Nimemleta hapa. Amelala kwenye kitanda chako. Ukija mtabanana, au mtapangiana zamu. Pacha wanamwita shangazi, nami nimewaambia shangazi wa kwanza ni yule wa mbali, huyu ni wa nyongeza. Ana mdomo, wifi! Mtapatana. Ameanza kutembea kwa magongo, na juzi alinigombeza kwamba naanika nguo vibaya.

Ijumaa ilikuwa siku ya kesi. Tulitoka nyumbani wanne: mimi, kaka yako, fundi vioo, na mgonjwa wetu na magongo yake. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwonyesha mtu. Tulipofika, kwenye benchi la nje tulikuta kijana wa kiume na mama wa makamo wamekaa kimya. Yule mama akainuka, akamfuata mgonjwa wetu. "Nilikuwepo," akasema. "Nilisimama pale nikiangalia, sikunyoosha hata mkono. Kama wananihitaji nimekuja kusema nilichokiona." Yule kijana akatoa simu yake: gari lote lipo mle, na namba zake.

Hakuna aliyewaita, wifi. Sijui walisikia wapi, wala sikuwauliza. Mgonjwa wetu alimpa yule mama gongo moja amshikie, akamshika bega, wakaingia ndani pamoja. Hakimu ameahirisha hadi mwezi ujao, lakini mimi moyo wangu umeshatulia. Tulikwenda wanne, tukarudi sita, na sufuria ya mchana haikutosha.

Nisalimie shemeji. Msalimie sana Mjomba Miwani ukimpata kwenye simu, na binamu Kidevu mwambie bado namdai kicheko chake. Bibi anakubusu, anasema ukonde usikonde, rudi. Pacha wanakusalimu kwa mapengo yao.

Mungu akuwekee mtu mwema katika kila njia unayopita huko ugenini, naye akuwekee wewe katika njia ya wengine.

Wifi yako akupendaye daima,

Mama Pacha