Mlio Mmoja, Kisha Kimya

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Nimeamka, nimechemsha chai, nimekwenda kazini. Safari yenyewe ni kutoka kitandani hadi meza ya jikoni. Zamani nililalamika sana juu ya treni ya kutoka hapa Penrith, jinsi inavyomla mtu maisha. Leo ningeipanda hata kama inasimama kila kituo.

Asubuhi nzima simu. Ofisi yetu ya ajira inaunganisha watu: huku wanaotafuta kazi, kule wenye viwanda na nyumba za wazee wanaotafuta watu. Iko Ingleburn, upande mwingine wa Sydney. Imefungwa tangu tufungiwe sote kwa ajili ya korona. Nimemwandikia mtu wasifu, nimemtafutia mwingine kozi ya kuendesha foklifti, nimemsikiliza mwenye duka la mikate akilia kwamba hapati wafanyakazi. Wote kwa Kiingereza, wote wana haraka.

Saa tano simu ikalia mara moja, ikakatika. Mama Aksanti. Nimecheka peke yangu. Huyu hapigi, anabip tu, halafu anangoja apigiwe. Kama sisi wote nyumbani enzi za vocha za kukwangua. Simu ni ya ofisi, basi nampigia.

Mkongomani wa Bukavu, anakaa Villawood, hamsini ameshaipita. Tangu afike Sydney hajapata kazi. Hatujaonana hata siku moja, maana faili lake lilinifikia ofisi ikiwa imeshafungwa. Namwamkia shikamoo, ananijibu, "Eeh, aksanti, mama." Ananiita Mama Rehema. Rehema ni mimi, sina mtoto, lakini kwao ndiyo heshima. Salamu zake hazina mwisho. Nimelalaje, nimekula nini, watu wa nyumbani kwangu wazima? Nyumbani kwangu ni mimi tu. Nimemjibu kwamba tuko wazima.

Jumanne, 3 Agosti

Nafasi imepatikana! Kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, Ingleburn, zamu ya alfajiri. Meneja anaitwa Darren. Anataka mtu asiyechagua kazi na asiyeogopa kuamka. Nilimtaja Mama Aksanti kabla hajamaliza kueleza. Villawood watu hawatoki ovyo sasa hivi, lakini kazi ya hospitali inaruhusiwa. Kibali nitamsaidia kuomba.

Nilipompa habari nikasikia analia. Watoto wake wamekuwa wakubwa. Kiswahili wanakielewa, wanajibu Kiingereza, kisha wanarudi vyumbani. Mchana kutwa anapangusa meza ambayo tayari ni safi.

"Mama Rehema, mi' nachoka kukaa. Kazi tu. Kazi yoyote."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nina meza ya namna hiyo. Sikumwambia. Kazini hatuelezani mambo yetu.

Jumatano, 4 Agosti

Darren amemhoji kwa simu, mimi nikiwa katikati natafsiri. Amejibu vizuri. Alipoulizwa kama ataweza kusimama zamu nzima alicheka, akasema miguu yake imeshatembea kutoka nchi moja hadi nyingine. Nilitafsiri hivyo hivyo. Darren akakohoa kidogo.

Kazi ni yake kwa sharti moja. Kesho kabla ya saa sita ampigie Darren mwenyewe, aseme anakuja. Mwenyewe, si mimi. Siku hizi mtu akijisikia vibaya lazima apige simu kabla ya kufika kiwandani, kwa hiyo Darren anataka kuona kama huyu mama anaweza kushika simu na kujisemea. Ni haki yake. Tumefanya mazoezi ya sentensi mbili za Kiingereza mpaka akazipata. Kila akimaliza anacheka, na mimi nacheka.

Baada ya kukata simu ndipo nikakumbuka utaratibu wetu. Mtu akishaanza kazi, faili lake linahamia kwa wenzetu wanaofuatilia walioajiriwa. Halitakuwa langu tena. Sitakuwa na sababu ya kumpigia, wala yeye ya kunibip.

Sikulipenda jambo hilo.

Alhamisi, 5 Agosti

Saa sita imepita. Saa nane Darren akanipigia. Hakupigiwa simu. Kesho saa tatu anakuja mtu mwingine, atampa yeye nafasi. Hakukasirika hata kidogo, alisema tu ni bahati mbaya.

Niandike ukweli, kwani hapa anasoma nani. Kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Nikawaza, basi Jumatatu atabip. Nitaulizwa nimelalaje. Nilifurahi kabisa, dakika nzima, kisha nikajichukia. Mwenzangu anapangusa meza safi huko Villawood na mimi nafurahi.

Mama alifariki Morogoro mwaka jana, mipaka ikiwa imefungwa. Mazishi niliyaangalia kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari. Nilipokuwa nasoma Dar, basi likifika tu nambip mara moja. Hapigi. Anajua nimefika, anakwenda zake kulala. Sasa hivi niende nisiende, nifike nisifike, hakuna anayengoja mlio wangu. Hiyo haihalalishi nilichohisi leo. Nimeiandika tu.

Sikumpigia Mama Aksanti kumuuliza kulikoni. Nimezima kompyuta mapema.

Ijumaa, 6 Agosti

Usingizi mbovu. Saa moja nimempigia Mama Aksanti kabla hata ya chai. Nilijiandaa kumgombeza kidogo, kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Sauti yake ilikuwa imezama. Kumbe anadhani yeye ndiye aliyekataliwa.

"Nilimubipa mara tatu, Mama Rehema. Mbele ya saa sita! Patron wa namna gani ule, hata harudishe?"

Nikakaa chini. Amembip. Meneja mzima wa kiwanda, amembip!

Wala si ujinga. Kwetu mdogo analiza simu mara moja, mkubwa anapiga. Kumpigia bosi moja kwa moja ukamkatiza shughuli zake ni kuingia sebuleni kwa mtu bila hodi. Alikuwa anamheshimu. Na nani aliyemwonyesha kwamba hata Sydney ukibip unapigiwa? Mimi. Wiki zote hizi, akiliza simu mara moja, mimi huyo nampigia. Nilikuwa naona ni utani wetu wawili. Kwa Darren ni namba asiyoijua iliyokata kabla hajashika simu.

Nikampigia Darren. Niliongea mbio kama nafukuzwa. Nikamwomba aangalie simu zilizompita jana. Akaziona, namba moja, tatu, zote kabla ya saa sita. Nikamweleza maana yake. Akauliza: siku akiumwa, ataliza simu ya kiwanda mara moja halafu akate? Nikamwambia nitamfundisha leo hii, sitanyanyuka hapa nilipo mpaka ajue. Akasema yule mwingine yuko njiani. Nikaona kazi inaondoka. Nikamwomba kitu kimoja tu, ile namba airudishie. Apige mara moja, amsikie mwenyewe.

Akasema ataona.

Sikuwa na la kufanya zaidi. Nimepangusa meza. Nimemwaga chai iliyopoa, nimechemsha nyingine, nayo imepoa.

Simu ikalia. Nikangoja ikatike. Haikukatika, ikaendelea kulia mpaka nikaogopa kwamba kuna msiba.

"Mama Rehema! Ule patron alirudisha!"

Anaanza Jumatatu. Yule mwingine naye amechukuliwa, mashuka ya hospitali yamewazidi nguvu. Mama Aksanti alikuwa akiongea, akicheka, akimshukuru Mungu kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine ambayo siijui. Nikamkatiza. Nikamwambia akate, anipigie tena, ajifanye anaumwa, mimi ni Darren. Akapiga. Akakohoa kwa madaha mengi mno. Tukarudia mpaka ikatosha. Nikamsisitizia: bosi wa hapa mpigie, acha ilie mpaka ashike.

Nimemwagizia viatu vya usalama kwa fungu la ofisi. Vitapelekwa mlangoni kwake. Natamani ningevipeleka mimi, lakini Villawood ni mbali kuliko ninavyoruhusiwa kwenda.

Jumamosi, 7 Agosti

Mvua. Sijaongea na mtu. Nimejikwaa kwenye kiti nikakiambia pole. Ndiyo sauti pekee iliyosikika humu leo.

Jumatatu, 9 Agosti

Ameanza. Darren ameandika kwamba alifika kabla ya wote na kwamba anakunja mashuka huku akiimba.

Nimebonyeza faili likaandika "kazini". Likatoka kwenye orodha yangu hapo hapo. Bosi wangu amenitumia picha ya mikono inayopiga makofi. Nimekula ugali na mchicha nikiwa nimesimama karibu na jiko. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Nimelia pia.

Jumatano, 11 Agosti

Simu nyingi. Hakuna aliyeuliza nimelalaje.

Saa tano nilijikuta naikodolea macho simu. Upuuzi. Saa hizo yuko kwenye mashine. Ningeweza kumpigia mimi, lakini nimwambie nini? Faili si langu. Na mtu aliyepata kazi hana haja ya kusumbuliwa na mpweke wa Penrith.

Ijumaa, 13 Agosti

Mwenye mikate amepata mtu. Vizuri. Sina hamu ya kuandika.

Jumanne, 17 Agosti

Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nilikuwa jikoni nangoja maji yachemke. Simu ya ofisi ilikuwa mezani.

Ikalia mara moja. Ikakatika.

Jina lake. Nikawaza ameanguka, amefukuzwa, ameugua. Na nilivyomfundisha kote kule, bado anabip! Nikaishika simu nimpigie, kidole kikiwa tayari juu ya namba. Ndipo nikaangalia saa ya ukutani. Dakika hiyo zamu yake inaanza. Kiwandani simu zinafungiwa kabatini. Hata ningempigia asingeshika, na yeye analijua hilo.

Hakutaka kupigiwa.

Nikairudisha simu mezani taratibu. Nikamimina chai, nikakaa, nikainywa ikiwa ya moto.

Saa tatu nikahamia upande wa meza ninaofanyia kazi, nikafungua kompyuta. Kabla sijaanza, nikapiga namba ya Mama Aksanti. Ikalia mara moja. Nikakata. Ataiona akifungua kabati.

Nimefika kazini.