Keep, Neno Yenye Musonda Alinitumia

Jumatatu, 4/8/2025

Niko pa mashini, nashona uniforme za batoto, simu ikalia. Message. Ni Musonda, bibi ya marehemu ndugu yangu Souleymane, kule Kitwe, Zambia. Tangu Souleymane alikufa, miaka mbili sasa, hakuniandikiaka. Yeye anajua Kiingereza na Kibemba. Mimi Kiswahili, Kifaransa, na Kibemba kidogo ya soko.

Maneno tatu tu: Please keep Chomba.

Chomba ni binti yao, ana miaka tisa. Sijamuona ata siku moja. "Please" naijua. "Keep" siijui. Nilipiga simu mara ine — imezimwa.

Najma, binti yangu, aliacha dictionnaire yake ya Kiingereza hapa wakati aliolewa Kolwezi. Keep: garder. Basi. Kulinda kama sakoshi ya muntu wa safari? Kama sentinelle pa mulango? Na siku ngapi?

Jumanne, 5/8/2025

Jirani yetu Plamedie anafundisha Kiingereza ku secondaire. Nilimuonyesha message. Alichukua kaye yangu akaanza kuandika. Kufuga kuku: keep. Kutimiza ahadi: keep. Kuficha siri: keep. Kunyamaza: keep quiet. Kutembea bila kusimama: keep walking.

Nilimusimamisha. "Yote ile ni verbe moja?"

"Moja tu, Mama Najma. Na sijamaliza."

Mukono unafunga, mudomo unafunga, lakini miguu inaendelea — neno moja! Miaka makumi tano na moja naishi karibu na mupaka, na sikujua bantu ba ngambo ile beko na neno ya namna hii. Kisha nilishona col tatu za shingo mbaya. Nimezifumua zote.

Niliuliza: na Chomba, siku ngapi? Plamedie aliangalia message tena. "Verbe haisemi siku."

Alhamisi, 7/8/2025

Leo simu ilishikwa. Hakukuwa Musonda, ilikuwa infirmière wa hospitali. Aliongea Kibemba polepole. Musonda iko na uvimbe ndani ya tumbo, kesho banamupasua. Jumamosi mama mumoja wa kanisa yao atanileteya mutoto Kasumbalesa, pa mupaka.

Kasimu, bwana yangu, hakupenda. Alisema Souleymane hakukuyaka ata ku maziko ya baba yake mwenyewe. Leo mutoto wake ndiye anakuya kwetu? Ni kweli, hakukuyaka. Mimi pia nilibeba ile hasira miaka mingi. Nilimuambia, "Mutoto hakukosa kitu." Akachukua kofia yake, akatoka.

Kwa Plamedie niliandika: I keep her. Plamedie akakataa — ile ni ya kila siku, kama ya kufuga kuku. Ongeza will, hapo inakuwa ahadi. I will keep her. Kaneno kadogo, na yote inabadilika. Nilituma wakati Kasimu alikuwa ku musikiti.

Jumamosi, 9/8/2025

Kasumbalesa. Vumbi, malori bila mwisho. Mama wa kanisa alinipa mutoto na sakoshi moja, akarudi upesi.

Chomba! Masikio ya Souleymane, yale ya kutoka inje. Nilisahau salamu yote yenye nilijifunza. Bantu balikuwa banatusukuma. Nilimunyooshea mukono: "Keep my hand."

Aliangalia mukono, kisha akaniangalia mimi. "Hold, Aunty," akasema. Kushika ni hold. Kisha akanieleza na Kibemba, polepole, kama mwalimu: keep ni ya kintu chenye haurudishe.

Akanishika mukono. Njia yote mpaka kwetu Hewa Bora sikumuachia.

Jumapili, 10/8/2025

Nilikimbia kwa Plamedie. Anasema Chomba hakudanganya, lakini iko na ingine. Mwenye kusema "keep her for me" anataka umurudishie. "Keep her" tu — unaweza kurudisha, unaweza kubaki naye milele.

Nilifungua message ya Musonda tena. Hakuna "for me". Niliangalia juu, niliangalia chini. Hakuna. Mwanamuke anangojea kupasuliwa, anachagua maneno tatu, na ile "for me" hakuiweka. Aliiacha kwa kusudi, ao alikuwa amechoka tu? Na mimi nikajibu will.

Mangaribi Kasimu alitoa kitanda ya Najma inje, akapigilia misumari penye ilikuwa inacheza. Hakusema ni ya nani.

Jumanne, 12/8/2025

Musonda iko muzima! Alhamdulillah. Amepiga yeye mwenyewe, sauti ndogo, anapumzika kila maneno mbili. Aliongea na Chomba Kibemba wakati murefu. Nilisikia tu neno "ng'anda", nyumba, na jina yangu, Mwajuma.

Chomba akanigeuzia na Kibemba ya polepole: mama anaomba yeye Chomba abaki hapa, mpaka mama atembee tena. Kule hana muntu wa kumusaidia.

Kasimu alikuwa pa mulango. Alisema bila kuniangalia, "Umuambie na yeye akuye. Akipata nguvu kidogo, akuye."

Kasimu, yeye mwenyewe.

Chomba alitaka kunisemea, nikakataa. Nilichukua simu. "Come, sister. We will keep you."

Nilifikiri réseau imekatika. Chomba aliweka sikio yake karibu na yangu, akasikiliza. Akatikisa kichwa: haikukatika. Kisha akagusa chini ya macho yake, mara mbili, nielewe mama yake analia.

Nimekaa pa kitanda, kaye pa magoti, naandika na mukono moja. Simu iko pa sikio. Musonda hakati. Nasikia pumzi yake. Chomba ananiangalia mudomo, anangojea neno yenye nitaongeza.