Dira Janja ya Uani Kwetu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka, nimefagia uwanja, nimejaza ndoo, nimemsomea Bibi ujumbe. Hiyo ya mwisho ni kazi mpya. Naipenda kuliko zote.

Ujumbe unatoka kwenye dira. Watu wa maji waliifunga wiki jana, ukutani karibu na bomba. Kila asubuhi inatuma kwenye simu ya Bibi lita tulizotumia jana, nyumba nzima: mimi na Bibi mbele, wapangaji uani, bomba moja. Bibi haoni maandishi madogo. Ananipa simu, anakaa wima kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Mtaani wanasema mita. Mimi nasema dira, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi waliyotuachia. Neno zuri. Nilidhani dira ni ya kuonyesha kaskazini tu.

Tatizo ni neno la pili. Karatasi inasema dira janja. Bibi aliposikia janja alininyang'anya ile karatasi. Anasema hajawahi kuona mwizi anayejitaja jina mlangoni. Nikamweleza kwamba maana yake ina akili. Akasema mjanja naye ana akili, ndiyo maana anakuibia.

Nilicheka mpaka nikachelewa mstarini. Nimeokota takataka uwanja mzima wa shule. Sijali.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeanza mpango. Shuleni sijamwambia mtu, watanicheka.

Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mchicha. Maji ya kusuuzia nguo yanapiga deki choo. Hapo nilihitaji ruhusa ya Mama Kulwa. Ni mpangaji wetu, ametoka Igalula na mapacha wake Kulwa na Doto, anafua nguo za watu. Bila kufua hawali. Nilisimama mbele yake nimekumbatia kitabu mpaka akaniuliza kama nimekuja kumfundisha kufua. Nikasema ndiyo, kidogo.

Alicheka sana. Lakini jioni alikuwa anasuuzia kwenye beseni, bomba limefungwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Namba imeshuka. Jana ilishuka, leo imeshuka tena. Nimeruka mpaka kandambili imekatika.

Bibi alitaka nimsomee mara mbili. Kisha akaenda kwa jirani kuomba chumvi. Chumvi tunayo. Alikwenda kujisifu. Aliporudi aliniita mke mwenzangu, akasema marehemu babu angekuwa hai ningempora mume mchana kweupe kwa akili hizi. Ndivyo anavyonitania akifurahi.

Kesho alfajiri anakwenda kijijini Choma, msibani. Atarudi Jumamosi. Simu ananiachia. Ameniachia na lile agizo lake la siku zote: maji yakikatika, bomba lisifungwe. Liachwe wazi, ndoo chini, ili yakirudi tusikie mlio. Nyumba zote za hapa ndivyo zinavyofanya. Sijawahi kuwaza kwamba kuna namna nyingine.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maji hayakutoka. Asubuhi hakuna, nimetoka shule hakuna. Ndoo chini ya bomba ina vumbi. Mama Kulwa amenunua madumu ya kisima kwa muuza maji wa baiskeli ili amalizie mapazia ya gesti.

Mtihani wa fizikia leo. Nimeupenda. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nimeupenda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku mbaya.

Ujumbe wa asubuhi: namba imepanda. Imepita hata ile ya siku ya kwanza kabisa. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikazima simu, nikaiwasha. Vilevile.

Bibi amerudi mchana. Alitaka kusomewa kabla hata ya kunywa maji. Nikasoma. Akageuka kutazama kamba. Mapazia ya gesti yalikuwa yametanda uwanja mzima, mekundu, makubwa. Na jana Mama Kulwa ndiye aliyeshinda nyumbani peke yake.

Mama Kulwa alisema alifua kwa maji ya kisima. Alisema jana maji hayakutoka. Bibi akauliza kama dira inaota ndoto. Mama Kulwa, ambaye humwita Bibi shangazi, akajibu kwa upole kabisa:

"Shangazi, si wenyewe wameiandika janja?"

Ningekuwa sina hofu ningecheka. Bibi hakucheka. Amemwambia atafute chumba kwingine, mwezi ukiisha asimkute.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Asubuhi na jioni niliiona ile ndoo haina kitu. Ningeweza kusema. Ila mchana nilikuwa shule, na namba ni namba, na mimi ndiye niliyemsifia Bibi hiyo dira. Sikusema neno. Najichukia.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama Kulwa katoka misa kaenda moja kwa moja kuulizia vyumba. Wengi hawataki mfuaji, wanasema atamaliza maji. Doto ameniuliza kama huko wanakohama kuna shule.

Nimeingia kwa Bibi mara mbili kusema. Mara ya kwanza nikamuuliza kama anataka chai. Ya pili nikamletea chai.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Mwandiko mbaya leo. Furaha.

Maji yalikuwa yamekatika tena tangu jana. Bomba wazi, ndoo chini. Nimekaa na kitabu karibu na dira, sisomi. Jua lilipopanda bomba likaanza kukohoa. Likapiga mluzi. Nikasimama nikijua maji yanakuja. Hayakuja. Nikafunua kifuniko cha dira nitazame kioo.

Namba zilikuwa zinakimbia.

Tone hata moja hakuna. Namba zinakimbia. Nikaweka kiganja mdomoni mwa bomba. Upepo. Nikaokota unyoya wa kuku, nikausogeza. Ukaruka mpaka kwenye beseni la Mama Kulwa.

Hewa! Mabomba yakikauka yanajaa hewa. Wakianza kusukuma maji kule mbali, hewa inatangulia, inatafuta tundu, inatukuta sisi tumeacha wazi. Inapita kwenye dira. Dira inahesabu. Ijumaa walisukuma wakaishia njiani, tukapata upepo mtupu. Mama Kulwa hakuiba chochote. Nimezunguka uwanja mbio kama mwendawazimu.

Kisha nimekaa chini. Anayetaka bomba liachwe wazi ni Bibi. Nikisema, namwambia Bibi yangu kwamba mwenye kosa ni yeye.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimesema.

Nilikuwa nimeweka unyoya mfukoni mwa sketi tangu asubuhi. Nilipotoka shule bomba lilikuwa linakohoa. Nikajua nisipofanya sasa sitafanya. Nikaingia, nikamwamkia Bibi, akaitikia marahaba, nikamshika mkono. Sijawahi kumshika Bibi mkono na kumvuta. Alishangaa mpaka akafuata.

Sikueleza fizikia. Nimeweka unyoya kwenye bomba, ukaruka. Nimefunua kifuniko, akainama. Namba ndogo haoni, lakini aliona zinavyohangaika. Nikafunga bomba. Zikatulia. Nikafungua. Zikakimbia.

"Bibi, ni upepo. Tunahesabiwa upepo."

Mama Kulwa alikuwa ameacha kufua.

"Kwa hiyo mwizi nimemlea mimi," akasema. "Tena nikamwekea na ndoo."

Mama Kulwa akacheka kwanza, akajiziba mdomo. Bibi akamwambia acheke tu, meno hayalipiwi. Halafu akakasirika upya. Bomba likifungwa atajuaje maji yamekuja? Tuyakose, tufe kiu kwa ajili ya mita? Hilo halimo kwenye kitabu cha fizikia.

Mama Kulwa ndiye aliyekuwa na jibu. Alisema yeye yupo hapo mchana kutwa, mikono kwenye povu. Atakuwa anafungua kidogo, akisikia mluzi anafunga, akiona maji anaita.

Bibi akafikiri. "Basi utakuwa unaliangalia wewe. Sasa ukihama nani atafungua?"

Kisha akaingia ndani. Hakuomba radhi, si kawaida yake. Baada ya magharibi alinituma uani na sahani ya wali na mbaazi, imefunikwa kwa kawa. Watoto walikuwa wameshainuka kuipokea kabla sijabisha hodi.

Nimeandika kurasa nyingi leo. Sina usingizi, nina furaha tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Namba ya leo ndogo kuliko zote. Nimemsomea Bibi. Ameitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua choroko.

Alasiri Mama Kulwa ameita, "Maji." Wote tumetoka na vyombo vyetu. Siku zote pipa la Bibi huwa la kwanza, ni nyumba yake. Leo nilipolisogeza, Bibi amelisukuma pembeni kwa mguu.

Amesema tuanze na la uani. Wenye kazi.

Nimeshika mpira wa bomba, pipa la Mama Kulwa likajaa taratibu.